Kusoma vitabu kwa simu kama huoni: mwongozo kamili wa kuanzia, kwa watu wa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni wa mtu asiyeona, au anayeona kwa shida, mwenye simu ya Android na anayetaka kusoma vitabu, magazeti na makaratasi yake kwa kusikiliza. Ni wa ndugu zake pia, mjukuu, mke, mwalimu, hata yule fundi simu wa stendi, manake huku kwetu simu ya asiyeona mara nyingi inaanzia mikononi mwa mtu mwingine na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Naomba tukubaliane jambo moja kabla sijaenda mbele: simu ishikwe na yule atakayeisomea. Wewe unayeona kazi yako ni mdomo tu. Msomee kilichoandikwa pale ambapo simu bado haijaanza kuongea, mwelekeze, halafu mikono yako weka mapajani. Nawajua watu hapa Mtwara waliowekewa kila kitu na watoto wao, apu zipo, vitabu vimejaa, lakini mtoto akisharudi chuo Dar simu inabaki ya kupokelea tu kwa sababu mwenyewe hajawahi kukigusa kile kioo kwa kidole chake. Hilo linaniuma, kwa sababu kinachotakiwa kujifunza sio kingi.

Nitatumia apu inayoitwa EasyReader, ya kampuni ya Dolphin ya Uingereza, ni ya bure na imetengenezwa maalumu kwa wasioona na wenye shida ya kusoma maandishi. Lakini apu ni hatua ya mwisho. Kwanza simu iongee, kisha vidole vizoee, kisha sauti ya Kiswahili iingie, ndio uje kwenye vitabu. Ukiruka moja utarudi tu.

Simu yenyewe na vitu vya kuwa navyo

Simu ya vitufe haitafaa, hiyo tuiweke pembeni. Unahitaji smatifoni ya Android, sio lazima ya bei kubwa, ila zile zenye RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 1 au 2 zinachelewa kujibu na mtu anayeanza akichelewa kujibiwa anadhani amekosea, anagonga tena na tena, anavurugikiwa. GB 3 au 4 inatosha kabisa. Huku watu wengi wananunua simu msimu wa korosho, hela za mnada zikianza kuingia kuanzia Oktoba, sasa usitume mtu akakununulie. Nenda dukani mwenyewe, iwe Masasi, iwe Lindi mjini, iwe sokoni Mtwara, umwambie muuzaji aiwashe, halafu jaribu hatua ya kwanza hapo chini ukiwa hapo hapo kaunta. Simu isipoongea, au ikiongea ila kioo hakisikii kidole chako, omba nyingine.

Chukua hedifoni za waya. Za Bluetooth nazo zinafanya kazi lakini sauti inachelewa kidogo nyuma ya kidole, na kwa anayejifunza huo ucheleweshaji unasumbua. Uwe pia na imeili yako mwenyewe, ya kwako sio ya shemeji, pamoja na neno la siri ambalo unalikumbuka kichwani.

Hatua ya kwanza: iwashe TalkBack

TalkBack ndio ile sauti inayokutajia kila unachogusa kwenye kioo. Kwenye simu nyingi tayari ipo ndani. Bonyeza vitufe vyote viwili vya sauti, cha kuongeza na cha kupunguza, kwa pamoja, uvishikilie kama sekunde 3. Simu inatetemeka, inaanza kuongea. Mara ya kwanza simu nyingine zinauliza kama una uhakika unataka kutumia njia hiyo ya mkato, hapo anayeona akusomee na akuelekeze pa kugusa. Hata simu mpya kabisa ambayo haijaanzishwa, ile inayouliza lugha na Wi-Fi, unaweza kujaribu vitufe hivyo hivyo ukaianzisha mwenyewe kuanzia ukurasa wa mwanzo.

Ikigoma, ingia Settings, tafuta Accessibility, ndani yake TalkBack, iwashe, na hapo hapo washa na njia ya mkato ya vitufe vya sauti ili siku nyingine usihangaike. Kwa simu zilizowekwa Kiswahili hayo majina yatakuwa Mipangilio na sehemu inayotaja ufikivu. Baadhi ya simu za bei ya chini haziji nayo, basi ingia Play Store utafute Android Accessibility Suite ya Google, ndiyo yenye TalkBack ndani.

Onyo kwa anayeona: TalkBack ikishawaka simu inabadilika tabia, kugusa mara moja hakufungui kitu tena, kunataja tu. Wengi wanaogopa hapo wanasema simu imeharibika. Haijaharibika. Vitufe vile vile viwili, sekunde zile zile, inazimika.

Hatua ya pili: vidole

Hapa kaa sana. Mimi nashauri hata kitabu usikifikirie mpaka haya yawe mepesi mkononi, na zoezi zuri ni kuzunguka kwenye kioo cha mwanzo tu bila haja ya kufika popote.

Weka kidole kimoja juu ya kioo ukitembeze polepole bila kukinyanyua, simu itakutajia kila kilicho chini yake. Hiyo ni njia ya kupapasa. Njia ya pili ni kuswaipu, yaani kupitisha kidole haraka kwenda kulia na kukinyanyua, simu inaenda kwenye kitu kinachofuata, ukipitisha kwenda kushoto inarudi kilichotangulia. Anayeanza atumie hii ya pili zaidi kwa sababu haihitaji kujua kitu kiko pembe gani ya kioo, unapita kimoja kimoja mpaka ukisikie unachokitaka. Ukishakisikia, gonga mara mbili haraka popote pale kwenye kioo, ko-ko, kinafunguka. Rudia kichwani: sikia kwanza, ndio ugonge mara mbili.

Ukitaka ukurasa upande au ushuke tumia vidole viwili kwa pamoja. Ukitaka kurudi nyuma, pitisha kidole kimoja kwenda chini halafu bila kukinyanyua pinda kushoto. Kwenda mwanzo kabisa, juu halafu kushoto. Kuinyamazisha inapobwabwaja, gusa mara moja kwa vidole viwili. Menyu ya TalkBack yenyewe inafunguka ukipitisha kidole chini halafu kulia, au kwenye simu mpya mpya kwa kugusa mara moja kwa vidole vitatu. TalkBack ina mafunzo yake ndani, yapo kwenye setingi za TalkBack, yanakufundisha ishara moja moja na kukusubiri uifanye, yapitie.

Sasa kuna jambo ambalo miongozo mingi haisemi na kwetu ni kubwa. Mikono ya korosho. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na mtu aliyebangua korosho kwa mkono miaka mingi, hata kama anapaka majivu au mafuta kujikinga, ncha za vidole vyake zinakuwa ngumu na kavu, na kioo cha simu hakizisikii vizuri. Nilikaa na mama mmoja mbanguaji, macho yalimpotea ukubwani, anagonga mara mbili sawasawa kabisa, simu inamtajia tu “Messages, Messages” haifungui. Kila mtu pale ndani anamwambia gonga haraka zaidi mama, gonga kwa nguvu zaidi, na yeye anazidi kugonga mpaka mkono unamchoka. Kumbe mguso mmoja ulikuwa unasikika na mwingine hausikiki. Tukamwambia aweke kidole cha shahada pembeni, atumie kidole cha pete, na asigonge kwa ncha, alaze kidole kidogo ile nyama ya chini ya ncha ndiyo iguse. Ikafungua hapo hapo. Kwa hiyo kama una mikono ya namna hiyo jaribu kila kidole mpaka upate kile kinachosikika, osha mikono kwa maji ya vuguvugu kabla ya kuanza, ngozi ikiwa na unyevu kidogo kioo kinaisikia vizuri, na kama simu yako ina setingi ya kuongeza hisia ya kioo, zipo Samsung zenye nayo, iwashe. Pia bandika protekta nyembamba, zile nene za kioo za bei rahisi zinapunguza usikivu. Na msimu wa kupuliza salfa mashambani, kuanzia mikorosho inapotoa maua, unga ule unakaa mikononi na kwenye tundu za simu, funga simu kwenye mfuko mpaka urudi nyumbani ukanawe.

Kosa jingine la vidole ni kugonga polepole. Mguso wa kwanza na wa pili ukiachana sana simu inaona ni miguso miwili tofauti. Nguvu haisaidii kitu, ni kasi tu.

Hatua ya tatu: sauti ya Kiswahili

Ukiacha simu ilivyo, ikikutana na kitabu cha Kiswahili itakisoma kwa mdomo wa Kiingereza, “ng'ombe” itatoka kitu ambacho hakuna anayekielewa, na mtu mzima atasema kitabu chenyewe kibovu. Kwa hiyo weka sauti kabla ya kitabu.

Ingia Settings, Accessibility, tafuta panapotaja Text-to-speech, kwenye Samsung unaweza kuikuta kwenye General management. Hapo utakuta injini ya sauti, yaani programu inayogeuza maandishi kuwa sauti, mara nyingi ni ya Google. Ingia ndani yake, tafuta sehemu ya kuweka data za sauti, utapata orodha ndefu ya lugha, swaipu mpaka Swahili, gonga mara mbili, daunlodi. Ikishashuka inafanya kazi bila intaneti, na hii ni muhimu sana kwa ndugu zetu wa Liwale, Nanyumbu, au vijiji vya Kilwa ambako mtandao unakuja na kuondoka. Hakikisha imeshuka kweli, zima data ujaribu kusikiliza mfano wa sauti. Ikiongea bila data basi imo.

Injini ya pili ya kuijua ni eSpeak NG, ya bure, ndogo sana, ina Kiswahili pia. Sauti yake ni ya mashine kabisa, haina utamu, wageni wengi wanaikataa siku ya kwanza. Lakini inajibu haraka kwenye simu dhaifu na ukiikimbiza kwa kasi kubwa maneno bado yanasikika. Ushauri wangu: kwa kusomea hadithi tumia ya Google, na kama simu yako inakwama kwama tumia eSpeak kwa kutembelea menyu.

Kuhusu kasi, anza polepole kuliko unavyodhani unahitaji. Upandishe kidogo kidogo kila ukizoea, sikio linakua lenyewe. Msimlazimishe mzee kasi ya kijana.

Kama unasoma vitabu vya Kiingereza pia, usiondoe sauti ya Kiingereza, ziache zote mbili, ndani ya EasyReader utachagua sauti ya kusomea. Kitabu cha Kiingereza kikisomwa na sauti ya Kiswahili kinachekesha watoto lakini mwanafunzi wa kidato cha nne hawezi kujifunzia hapo.

Hatua ya nne: EasyReader

Fungua Play Store, swaipu mpaka usikie sehemu ya kutafuta, gonga mara mbili. Kuandika ndio mtihani kwa wengi. Unaweza kupapasa kibodi herufi kwa herufi, kwenye simu nyingi ukiisikia herufi unanyanyua kidole inaandikika. Unaweza pia kubonyeza maikrofoni ya kibodi ya Google ukaongea, Kiswahili inakielewa tangu 2017. Na kama ulisoma nukta nundu shuleni kuna zawadi yako: tangu 2020 TalkBack ina kibodi ya nukta nundu, unashika simu kwa ubapa kioo kikitazama upande wa pili, vidole sita juu ya kioo, unaandika kama kwenye mashine ya Perkins. Walimu wa elimu maalumu naomba mlifundishe hili, wanafunzi wetu wanaandika kwa kasi ya ajabu wakishalijua.

Tafuta Dolphin EasyReader, isakinishe, ifungue. Itakutaka ujiandikishe, jina, imeili, neno la siri, kisha inatuma ujumbe kwenye imeili yako wenye kiungo cha kuthibitisha. Hapa watu wengi wanakwamia kwa sababu imeili ilifunguliwa na mtu mwingine na neno la siri hakuna anayelijua. Fungua imeili, gonga kile kiungo, rudi kwenye apu, ingia. Ukiingia mara moja haikuombi tena kila siku.

Ndani kuna sehemu mbili za kuelewa kwanza: vitabu vyangu, yaani vile vilivyomo kwenye simu, na maktaba, yaani sehemu za nje unakochukulia vitabu. Anza na maktaba ya Project Gutenberg kwa sababu ni ya bure na haidai uthibitisho wa ulemavu. Ilianzishwa na Michael Hart huko Marekani mwaka 1971 na ina vitabu zaidi ya 70,000 ambavyo hakimiliki yake imekwisha, karibu vyote vya lugha za kigeni, Kiingereza kwa wingi. Chagua kimoja kifupi, kidaunlodi, rudi vitabu vyangu, kifungue. Lengo la kitabu cha kwanza ni kujua njia, hata usipokimaliza sawa.

Kiswahili je? Hapa lazima niseme ukweli, maktaba hizi za kimataifa vitabu vya Kiswahili ni vichache na inasikitisha. Lakini njia zipo. African Storybook ya Afrika Kusini ina hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili, za bure, zinashuka kama EPUB, ambalo ni faili la kitabu cha kielektroniki, au PDF, nzuri sana kwa mtoto asiyeona anayeanza na hata kwa mtu mzima anayezoeza sikio. Makala za Wikipedia ya Kiswahili unaweza kuzikopi ukazisoma. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada. Magazeti ya Kiswahili yana tovuti, hayo unayasoma moja kwa moja kwa TalkBack kwenye kivinjari. Na njia inayotumika kuliko zote huku ni WhatsApp: mwalimu au ndugu anakutumia faili, unalifungua, unachagua kushea, unachagua EasyReader, linaingia kwenye vitabu vyangu. Mwombe mtu akutumie EPUB au maandishi ya kawaida ikiwezekana, kuliko PDF. Sababu naieleza hapo chini.

Kusoma penyewe

Ukifungua kitabu, chini ya kioo kuna kitufe cha kucheza, kando yake vya kurudi na kwenda mbele. Gonga mara mbili kwenye cha kucheza, inasoma. Kusimamisha, gonga mara mbili kwa vidole viwili popote, mara nyingi inakubali, ni rahisi kuliko kutafuta kitufe.

Utamu wa apu ya kusomea kuliko kumwachia TalkBack asome ni kwamba unatembea ndani ya kitabu kwa akili. Unachagua kiwango, sura kwa sura, kichwa kwa kichwa, aya, sentensi, au ukurasa kama kitabu kina kurasa, halafu vile vitufe vya mbele na nyuma vinaruka kwa kiwango hicho. Mwanafunzi akiambiwa fungua ukurasa wa 47 anafungua 47 kama wenzake. Hii inawezekana zaidi kwenye vitabu vya muundo wa DAISY, muundo uliotengenezwa kwa ajili ya wasioona, na EPUB iliyopangwa vizuri. Faili lililopigwa chapa hovyo bila vichwa halina pa kurukia, linasomeka moja kwa moja tu kama kaseti.

Jifunze kuweka alama. Unasoma kijarida cha kilimo, labda cha kituo cha utafiti cha Naliendele kuhusu ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, ukifika kwenye vipimo vya dawa unaweka alama hapo, siku ya kupuliza unafungua alama moja kwa moja na huna haja ya kumuuliza mtu akusomee. Kuna pia kutafuta neno ndani ya kitabu, na kipima muda cha kulala, unaiwekea dakika 30 inajizima yenyewe.

Ukitaka kujua neno limeandikwaje, jina la mtu kwa mfano, hapo tumia TalkBack. Ina vipimo vyake vya kusomea, unabadilisha kwa kuswaipu vidole vitatu juu au chini mpaka usikie herufi, halafu swaipu kidole kimoja chini, inataja herufi moja moja. Kwa simu za zamani kidogo unapitisha kidole kimoja juu na chini kwa mfululizo kubadilisha.

PDF inayokaa kimya, na karatasi za mkononi

Utatumiwa PDF, utaifungua, apu itasema hakuna maandishi, au itataja namba za kurasa tu. Wengi wanalaumu simu. Tatizo ni kwamba mtu alipiga picha karatasi akaiita PDF, ndani hamna herufi hata moja, ni picha ya herufi. Barua za ofisini, matangazo ya vyama vya msingi, fomu za shule, nyingi zinatumwa hivi hivi. Ninyi mnaotuma, kama mlichapa kwa kompyuta tumeni lile faili lenyewe la kompyuta, msiliprinti kisha kulipiga picha. Haiwagharimu chochote na mtu anapata kujisomea.

Dawa ya picha ni apu za kutambua maandishi. Lookout ya Google na Seeing AI ya Microsoft, ambayo ilikuja Android Desemba 2023, zote ni za bure. Unaipa picha au unaelekeza kamera kwenye karatasi, inasoma. Ujanja wa kupiga picha bila kuona: laza karatasi mezani, mwanga utoke juu au dirishani nyuma yako sio mbele, weka simu ikilala katikati ya karatasi kabisa, halafu inyanyue wima taratibu bila kuipinda mpaka kama urefu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Shika kwa mikono miwili, viwiko vikae mezani. Seeing AI inakuambia pembe gani ya karatasi haionekani. Maandishi ya mkono na karatasi iliyokunjwa kunjwa zitakupa tabu, na kwenye mambo ya fedha au mkataba, namba zihakikishe kwa mtu unayemwamini kabla ya kutia saini.

Bookshare na barua ya daktari

Ukishazoea, omba uanachama wa Bookshare. Ni maktaba ya shirika la Benetech la Marekani, ipo tangu 2002, ina vitabu zaidi ya milioni moja, na unaingia nayo ndani ya EasyReader hiyo hiyo. Vitabu vingi vina hakimiliki hai, ndio maana lazima uthibitishe kuwa huoni au una ulemavu unaokuzuia kusoma chapa. Fomu inathibitishwa na mtaalamu, mfano daktari wa macho au mwalimu wa elimu maalumu, kwa hiyo ukienda kliniki ya macho hospitali ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, ulizia hapo hapo barua, usisubiri safari nyingine. Ada inategemea nchi, angalia wanavyosema kwa Tanzania kabla ya kulipa.

Na ujue kwamba hii ni haki sio msaada. Kuna Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaoruhusu vitabu vya wasioona kutengenezwa na kuvuka mipaka ya nchi bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki kila mara, na Tanzania ilijiunga 2020. Shule zetu na maktaba za mikoa ya kusini zinaweza kuutumia, na ninatamani sana kuona Kiswahili kikiingizwa humo kwa wingi kwa sababu mzee wa Newala hatajifunza Kiingereza leo ili apate hadithi ya kusikiliza. Chama cha Wasioona Tanzania, TLB, ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia na kulisukuma hili.

Bando, chaji na siri zako

Kitabu cha maandishi ni chepesi, mara nyingi hakifiki MB 2, bando dogo linatosha vitabu vingi. Cha sauti iliyorekodiwa ndio kizito: kwa ubora wa kawaida wa kilobiti 64 saa moja inakula kama MB 29, kitabu cha saa 10 ni karibu MB 290. Kwa hiyo vya maandishi daunlodi popote, vya sauti subiri Wi-Fi. Tovuti ya LibriVox wanavyo vitabu vya sauti vya bure vinavyosomwa na watu wa kujitolea, vingi Kiingereza.

Kama huoni kabisa, punguza mwanga wa kioo mpaka mwisho, huuhitaji na unakula chaji, umeme ukikatika utashukuru. TalkBack mpya ina pia chaguo la kuficha kioo kwenye menyu yake, simu inafanya kazi kama kawaida ila kioo ni cheusi, jirani wa kwenye daladala hasomi meseji zako. Mambo ya M-Pesa na namba za siri, vaa hedifoni kwanza, manake kwa baadhi ya setingi simu inataja namba unazobonyeza. Na namba ya siri usimpe mtu kwa sababu tu anakusaidia kusoma, sasa simu inakusomea yenyewe.

Ikikwama

Ikinyamaza ghafla, jaribu kitufe cha kuongeza sauti huku umeweka kidole kwenye kioo, kwa sababu sauti ya TalkBack ina kipimo chake tofauti na cha muziki. Bado kimya, zima TalkBack kwa vitufe viwili, iwashe tena. Ikianza kusoma Kiswahili kwa lafudhi ya Kiingereza baada ya kuapdeti, rudi hatua ya tatu, injini au lugha imejibadilisha. EasyReader ikisema haiwezi kufungua maktaba, angalia data kwanza, kisha kama umetolewa kwenye akaunti. Simu ikiganda kabisa, shikilia kitufe cha kuwashia, kwenye baadhi ya simu pamoja na cha kupunguza sauti, sekunde 10 mpaka 20 mpaka usikie imetetemeka. Ikiwaka TalkBack inarudi yenyewe, weka namba yako ya siri, fungua EasyReader, kitabu kitakuwa pale pale ulipoachia.